Mchama Ago

Tulianza na paa. Gantulga alifungua kamba,
akakunja manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa,
meusi nje, bado meupe ndani.
Kama sisi, nikamwambia. Hakucheka.
Alikuwa anahesabu fito: themanini na moja,
ufito mmoja umeungwa kwa waya
tangu mwaka tulipofika.

Tulikuja kwa ajili ya shule.
Mtu asikudanganye kwamba tulifuata taa za Ulan Bator.
Baridi ya mwaka ule iliua kondoo mia mbili na kumi,
wakaganda walivyosimama,
na baba mkwe akasema, wapelekeni watoto
mahali ambapo wino haugandi.

Wino haukuganda. Nominzul ana medali ya hesabu,
ameitundika juu ya jiko, imefuka kama sufuria.
Kilichopungua ni pumzi.

Novemba ikifika, kila hema la kilima hiki
huwasha makaa ya mawe, na letu pia,
nisijifanye malaika, letu pia.
Moshi haubishi hodi.
Haujali nani amelala, nani ana miaka minne
na jina la Tengis, yaani bahari,
na kifua kinacholia kama mlango usiotiwa mafuta.
Usiku kumi na tisa hospitalini:
kitanda kimoja, watoto watatu,
mama watatu wima.
Daktari alikuwa kijana, macho mekundu.
Dawa ninayo, alisema. Hewa sina.

Basi tunakwenda mto Onon,
kwa binamu mwenye karakana ya pikipiki.
Shule ya huko ina walimu saba;
wa hesabu ndiye wa mazoezi ya viungo.
Nominzul aliuliza swali moja tu, nani atanifundisha,
na tangu Jumanne hajanisemesha.
Wenye mizani hupima nyama na unga.
Yangu ina sahani mbili,
na kila sahani ni mwanangu.

Hema lilipoondoka, likabaki duara
la udongo mkavu, mweupe, laini kama kisigino cha mtoto.
Mchama ago hanyele, husema wahenga.
Nikafagia. Nikazoa majivu ndoo tatu,
nikaokota kifungo, jino la Tengis,
sindano niliyoitafuta mwaka mzima.

Nao wakafika kabla hatujamaliza kupakia,
walionunua kiwanja: mume, mke aitwaye Uyanga,
wananuka maziwa na samadi iliyokauka,
harufu ambayo ilinipiga kooni kama jina langu la utotoni.
Mgongoni mtoto, mashavu mekundu tele.
Shule ikoje? akauliza.
Nzuri, nikasema. Nayo ni nzuri.
Ilikuwa Mei. Mbingu imeoshwa kama sahani ya bati.
Ningemwonyesha nini?

Gantulga alishawasha lori.
Nikashuka. Nikachomoa kutoka kwenye mablanketi
ile mashine ya mvuke, kinyago chake kidogo na waya wake,
nikampa ndani ya mfuko wa plastiki.
Ya nini hii?
Novemba utajua.
Akanitazama namna watu wanavyotazama
mtu anayewapa zawadi huku anakimbia.

Na sisi? Gantulga akauliza, mkono kwenye gia.
Sikujibu. Nyuma yetu walikuwa wameanza
kusimamisha kuta zao juu ya duara letu,
bila kupima, likawaenea.

Ungemwambia, akasema Nominzul,
neno la kwanza tangu Jumanne.

Barabara ikawa ya changarawe, kisha ikawa majani.
Tengis akalala mapajani, mdomo wazi.
Nikaweka sikio kifuani pake.
Injini ilikuwa inanguruma mno.
Sikusikia kitu.